Lita mbili za petroli, kilo mia moja na kumi

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Mimi na wenzangu wanne tunataka kuunda pikipiki ya umeme ya kukimbiza uwanjani, siyo ya barabarani. Kila ninaposoma naambiwa mota ya umeme inatoa nguvu zote tangu sifuri, haina gia za kubadilisha, wala haipotezi nishati kama injini. Kama ni hivyo, mbona mbio za MotoE, yale mashindano ya dunia ya pikipiki za umeme, zilikuwa za raundi saba nane tu, na bado muda wao uko nyuma ya MotoGP, mashindano makuu ya pikipiki za petroli? Ni betri tu, au kuna jambo jingine? Na kwa nini wasirudishe umeme kwa breki wakati mbio zenyewe zimejaa breki? Tukianza, fedha zetu tuziweke kwenye mota kubwa au betri kubwa?

Jibu: Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo litakalowatoa fedha mfukoni: msizimalizie kwenye mota. Hiyo ni sehemu iliyokwisha kukomaa. Chukua Ducati V21L, pikipiki iliyotumika MotoE kuanzia 2023 hadi mashindano hayo yaliposimamishwa baada ya msimu wa 2025. Mota yake ina kilo 21 na inazunguka hadi mara 18,000 kwa dakika. Unaweza kuibeba mikononi ukapanda nayo ngazi. Inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuzungusha mota, ina kilo 5. Kwa mzigo huo wa kilo 26 unapata kilowati 110, yaani nguvu za farasi 150. Hapo hakuna cha kumnyima mhandisi usingizi.

Lakini pikipiki nzima ilipotoka mara ya kwanza ilikuwa na kilo 225, wakati ya MotoGP inaruhusiwa kushuka hadi 157. Kilo 68 zilizozidi hazikuletwa na mota. Zilikuja na betri, ambayo peke yake ilikuwa kilo 110.

Nitafika kwenye betri. Kwanza nikutoe kwenye hilo la "nguvu zote tangu sifuri", kwa sababu limepotosha wengi, na nimeona miradi mizuri ya wanafunzi ikizama humo.

Ni kweli mota ya umeme hutoa msokoto wake, yaani nguvu ya kuzungusha, mkubwa kabisa hata kabla gurudumu halijasogea. Shida ni kwamba pikipiki ina magurudumu mawili na mtu amekaa juu yake. Ukiisukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wake wenyewe, gurudumu la mbele linaacha lami. Ukomo huo hauulizi kama umetia petroli au umechaji. Tukokotoe na V21L. Msokoto wake ni nyutoni-mita 140. Ili mizunguko 18,000 ilingane na mwendo wa kilomita 275 kwa saa, mota lazima izunguke karibu mara 7.6 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukizidisha, tairi la nyuma linapata msukumo wa nyutoni kama 3,400. Pikipiki na mtu wake, tuseme kilo 300, zina uzito wa nyutoni 2,940. Ukikunja eksileta yote pale kwenye mstari wa kuanzia, bila kompyuta ya kukuzuia, unalala chali. Kwa hiyo msokoto huo unaosifiwa sana hautumiki wote pale pale unaposifiwa.

Na ukishapita kilomita 115 kwa saa hivi, mambo yanageuka. Kilowati 110 zimekwisha kufikiwa, na kuanzia hapo mwendo ukipanda msukumo unashuka. Ukifika 230, msukumo umebaki nusu. Uwanja wa mbio sehemu kubwa unakimbiwa katika eneo hilo, ambako zinahesabika kilowati, siyo msokoto. Huko pikipiki ya MotoGP inakuja na farasi zaidi ya 250, na pale Mugello imewahi kupimwa ikienda kilomita 366.1 kwa saa. V21L katika uwanja huo huo ilifika 275.

Basi, utaniambia, ongeza kilowati. Mota inaweza, inveta inaweza. Hapo ndipo betri inapoanza kukudai.

Betri ya V21L ilibeba kilowati-saa 18. Lita moja ya petroli ina karibu kilowati-saa 9. Maana yake, kilo zote zile 110 za seli, waya, sanduku na maji ya kupozea zimebeba nishati ya lita mbili za petroli. Tuitendee haki betri, kwa sababu injini ya petroli inatupa sehemu kubwa ya mafuta yake kama joto na moshi. Tukisema injini inafaidi asilimia 30 na mfumo wa umeme asilimia 90, zile kilowati-saa 18 zinafanya kazi ya lita sita za petroli. Lita sita hazifiki hata kilo tano. Na mwenye petroli ana faraja nyingine ambayo watu huisahau: kila raundi anayomaliza pikipiki yake inakuwa nyepesi. Betri tupu ina uzito ule ule wa betri iliyojaa. Raundi ya mwisho, tairi limechakaa, mikono imechoka, na mzigo haujapungua hata gramu.

Watengenezaji hawajakaa tu. Pikipiki ya Energica iliyoanzisha MotoE mwaka 2019 ilikuwa na kilo 260 hivi. Ducati wakashusha hadi 225, sanduku la betri likawa sehemu ya fremu yenyewe badala ya kuning'inizwa ndani yake, na msimu wa 2025 walipobadilisha aina ya seli wakapunguza kilo 8.2 nyingine. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila unaona mwendo wake: kilo chache chache, msimu hadi msimu.

Nishati hiyo inakwenda wapi? Sehemu kubwa inaliwa na hewa. Mwendeshaji aliyelala, kidevu kimegusa plastiki na viwiko vimebana mbavu, bado ni ukuta mbele ya upepo. Chukua eneo lake la mbele, uzidishe kwa kizidishi cha umbo lake. Tuseme unapata mita za mraba 0.33. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, kuipasua hewa tu kunataka kilowati 34. Kwa 250 kunataka 66. Kwa 270, kilowati 83, na hujapanda kilima wala hujaongeza mwendo. Nguvu inapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, na nishati kwa kila kilomita inapanda kwa kipeo cha pili: kama kilowati-saa 0.17 kwa kilomita ukiwa 200, na 0.27 ukiwa 250. Kwenye petroli gharama hiyo ipo vile vile, ila unailipa kwa vikombe vichache vya mafuta. Kwenye umeme unailipa kwa kilo za seli.

Ukitaka kuiona hesabu hii ikicheza hadharani, tazama mbio za kisiwa cha Isle of Man. Barabara za kawaida hufungwa, raundi moja ni kilomita 60.7, na njia inapanda mlimani hadi mita zaidi ya 400 kabla ya kuteremka. Pikipiki za petroli katika mbio kuu huenda raundi sita zikisimama kuongeza mafuta. Za umeme zilipewa raundi moja. Mwaka 2009 Rob Barber alishinda kwa wastani wa maili 87.434 kwa saa, kama kilomita 141. Mwaka uliofuata mbio zikaitwa TT Zero, na serikali ya kisiwa ikatangaza pauni 10,000 kwa wa kwanza kupita wastani wa maili 100. Mark Miller akafika 96.820 mwaka huo. Mwaka 2011 Michael Rutter, juu ya pikipiki ya MotoCzysz, akamaliza na 99.604. Igeuze kuwa muda: katika safari ya dakika karibu 23 alipungukiwa na sekunde kama tano na nusu. Fikiria timu imekaa pale na kalamu, inajiuliza ni kona ipi walibana umeme kupita kiasi. Mwaka 2012 akarudi na kupata 104.056.

Baada ya hapo wakaja Mugen kutoka Japani. John McGuinness akafika 117.366 mwaka 2014, na Rutter, safari hii juu ya Mugen, akafunga kitabu mwaka 2019 kwa 121.909, yaani kilomita 196 kwa saa. Tangu hapo TT Zero haijarudi. Mwaka 2018 Peter Hickman alikuwa amezunguka njia hiyo hiyo kwa petroli kwa wastani wa 135.452.

Watu wakitazama orodha hiyo huona mota zikiboreka. Mimi huona betri. Kutoka wastani wa kilomita 141 hadi 196, hewa peke yake inadai nishati karibu mara mbili kwa njia ile ile. Na mlima ambao kila mtu huuliza habari zake? Kupandisha kilo 300 mita 420 kunakula kilowati-saa 0.34. Hewa, kwa vipimo vyangu vya hapo juu, inakula karibu 10, hata ukijifanya unakwenda mwendo mmoja bila kubadilika. Mlima ni kelele tu kwenye hesabu hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo uliliita "jambo jingine". Lipo, nalo ndilo ninaloshughulika nalo kila siku: joto.

Nikusimulie aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliunganisha pakiti ya betri ya pikipiki ya uwanjani, ya volti kama 100, mkondo wa ampea 300 ukikunja eksileta. Mezani ilikwenda vizuri kwa dakika nne, kisha inveta ikaanza kupunguza nguvu yenyewe. Tulizilaumu seli. Tukailaumu programu. Mwenzangu mmoja akamlaumu muuzaji wa seli, tena kwa maneno makali. Mwishowe tukaleta kamera ya joto, na kwenye picha kila kitu kilikuwa kijani isipokuwa nukta moja nyeupe ukubwa wa punje ya mahindi: bolti ya kiungo kimoja kati ya vyuma vinavyounganisha seli. Niliikaza mimi, kwa mkono, nikaenda kunywa chai, nikasahau kuirudia kwa spana ya kipimo. Chini yake ukinzani, yaani kile kinachouzuia umeme kupita, ulikuwa kama milioumu moja. Sehemu moja ya elfu ya oumu. Kipimio cha kawaida cha fundi hakiioni. Lakini joto linakwenda na mraba wa mkondo. Ampea 300 mara 300 mara 0.001 ni wati 90, sawa na balbu ya zamani imefungiwa kwenye sanduku lisilo na tundu, imegusana na seli mbili. Mfumo ulikuwa na akili kuliko mimi: ulihisi seli moja inachemka, ukapunguza nguvu za pikipiki nzima kuiokoa.

Hiyo ilikuwa bolti moja. Kumbuka sasa kwamba kila seli ina ukinzani wake ndani, hata ikiwa nzima na imefungwa barabara. V21L ya kwanza ilikuwa na seli 1,152, kila moja silinda ya kipenyo cha milimita 21 na urefu wa 70, unaifumbata kiganjani ikapotea. Ili pikipiki itoe kilowati 110, kila seli inatoa wati 95. Kwa volti 3.4 hiyo ni ampea 28 kutoka kwenye kitu kinachofumbatwa kiganjani. Tuseme ukinzani wa ndani ni milioumu 15. Kila seli inatoa joto la wati karibu 12, na pakiti nzima inatoa zaidi ya kilowati 13. Ni pasi kumi na tatu za kupigia nguo zimewashwa kwa pamoja katikati ya magoti ya mwendeshaji.

Haziwaki muda wote, kwa sababu kuna kona na kuna breki. Chukua wastani wa kilowati 5 kwa dakika 13, na seli zenye jumla ya kilo 80. Bila kupozwa, zitapanda nyuzi karibu 49. Ukianza na 25 unamaliza na 74, na seli nyingi za aina hii hutaka kuachwa zipumue zikifika 60. Hizo ndizo raundi saba au nane. Hata kama kesho ungepewa betri yenye nishati mara mbili kwa uzito ule ule, bila kushusha ukinzani na bila njia bora ya kulitoa joto, ungekwama mahali palepale ukiwa na umeme mwingi usioweza kuutumia. Ndiyo maana V21L ina mizunguko miwili ya maji ya kupozea, mmoja wa betri na mwingine wa mota na inveta. Betri inataka kukaa kwenye nyuzi ambazo mota inaziona baridi, kwa hiyo ukizichanganya unaiharibu moja kwa faida ya nyingine.

Ukinzani una uovu wa pili. Ampea 28 zikipita kwenye milioumu 15, kila seli inapoteza volti 0.42 papo hapo. Kwenye mfumo wa volti 800, seli kama 192 zikiwa zimefuatana, ni volti 80 zinazopotea kila unapokunja eksileta. Na kadiri betri inavyokwisha, volti zake nazo zinashuka, kwa hiyo ili upate kilowati zile zile lazima uvute mkondo mkubwa zaidi, unaoleta joto zaidi na upotevu zaidi. Mwendeshaji hauoni mchakato huu. Anachoona ni pikipiki iliyomtoa kwenye kona kwa hasira raundi ya pili, sasa inamtoa kwa adabu raundi ya saba. Wahandisi wa mbio hupendelea kuinyima nguvu kidogo tangu mwanzo ili raundi zote zifanane. Mimi nakubaliana nao, ingawa najua ni uamuzi unaoumiza roho siku ya kusaka nafasi ya kuanzia.

Ubaridi pia si rafiki. Seli baridi ina ukinzani mkubwa, kwa hiyo ukiianza ikiwa baridi sana unajipa hasara mwanzoni kabisa. Unaitaka ya uvuguvugu kwenye mstari wa kuanzia, na nafasi ya kupanda mbele yake.

Kuhusu breki. Wazo lako ni zuri na nilikuwa nalo mimi pia, hadi nilipolikokotoa. Kilo 300 zikishuka kutoka kilomita 270 hadi 90 kwa saa zinaachia kilojuli 750, sawa na kilowati-saa 0.21. Si haba. Lakini pikipiki ikifunga breki kwa nguvu, uzito wote unakimbilia mbele. Angalia picha yoyote ya mbio pale mwisho wa njia iliyonyooka, utaona tairi la nyuma linaigusa lami kwa shida, wakati mwingine liko hewani. Mota imeunganishwa na tairi hilo hilo. Ukiiambia ivune umeme hapo, tairi linafunga na mkia unaanza kucheza. Tuseme umefanikiwa kuvuna sehemu moja ya kumi: kilowati-saa 0.02. Kwa mwendo wa 250 hizo zinakufikisha mita 75. Zidisha kwa kona zote za uwanja, utaona ni faida ya kuokota, siyo ya kuendeshea mbio. Gari la umeme lina magurudumu manne na linaweza kuvuna mbele, msilinganishe. Na mota ndani ya gurudumu la mbele la pikipiki ni uzito usiobebwa na shokapu, kila tuta litawapiga mikononi.

Hata hivyo mota hupangiwa kuzuia kidogo unapoachia eksileta, kwa sababu za mwili zaidi kuliko za umeme. Mwendeshaji aliyekulia kwenye petroli amezoea injini imsaidie kushika mkia wa pikipiki anapoingia kona. Ukimwondolea, anaingia kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Hana klachi, hana gia za kushusha, hana mlio wa kumwambia anakwenda kasi gani. Anachosikia ni upepo, cheni, na plastiki ya goti ikikwaruza lami.

Sasa usidhani nimekuja kukukatisha tamaa. Kuna mahali umeme ulishinda bila huruma ya sheria. Pikes Peak, Marekani, mwaka 2013. Kilomita 20 za kupanda, kona 156, unaanzia mita 2,862 juu ya bahari na kumalizia 4,302. Carlin Dunne, juu ya pikipiki ya umeme ya Lightning, alipanda kwa dakika 10 na sekunde 0.694, na kuwaacha wote wenye pikipiki za petroli kwa sekunde kama 20. Angalia mazingira yake utaelewa kila nilichoeleza hadi hapa. Kule juu hewa ni kama theluthi mbili ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo injini ya kuvuta hewa inapoteza theluthi ya nguvu zake. Mota haivuti hewa, haina habari. Hewa hiyo hiyo nyepesi inapunguza ule ukuta wa upepo. Safari ni dakika kumi, betri haijafika kuchemka. Na kona ni nyingi, njia zilizonyooka ni fupi, kwa hiyo muda mwingi unakaa kwenye mwendo ambao msokoto bado una kazi.

Upande wa pili kuna Max Biaggi na Voxan Wattman, Novemba 2021, kwenye njia ya kutulia ndege za anga za juu pale Kennedy Space Center: wastani wa kilomita 455.737 kwa saa. Pale hakuna aliyeulalamikia uzito wa pikipiki, maana hakuna kona na kazi inakwisha kwa muda mfupi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mjue mnaikimbiza wapi. Azimeni pikipiki ya petroli, mfungie kifaa cha kurekodi mwendo kwa setilaiti, mwendeshaji wenu aende raundi kumi kwenye uwanja mtakaotumia. Mkirudi mezani mna mwendo wa kila sekunde. Humo ndani mnakokotoa hewa, uzito na breki, mnapata kilowati-saa kwa raundi na, lililo muhimu zaidi, wastani wa mraba wa mkondo, ambao ndio utakaowapa joto. Uwanja mfupi wenye kona nyingi utawapa majibu tofauti kabisa na wenye njia ndefu. Nimeona vijana wakinunua betri kwanza, kisha wanatafuta uwanja wa kuistahili.

Mkichagua seli, msivutwe na uwezo ulioandikwa kwenye karatasi. Seli yenye uwezo mkubwa mara nyingi ndiyo yenye ukinzani mkubwa. Nunueni chache za kila aina mnayoifikiria, mzipime wenyewe kwa mkondo mtakaoutumia, zikiwa na nyuzi 25, kisha tena zikiwa na 45. Kwa mbio za dakika kumi na tano ningechukua yenye uwezo mdogo na ukinzani mdogo bila kufikiri mara mbili.

Volti 800 ziacheni kwa wenye vyumba vya kazi na bima. Kaeni kwenye 100 hivi, mkubali nyaya nene. Hata hizo 100 haziheshimu mtu: cheche ya umeme wa betri haizimiki yenyewe kama ya ukutani, inaendelea kuwaka hewani na kuyeyusha spana. Zungushieni vifaa vyenu tepu ya kuzuia umeme hadi ibaki ncha tu. Vueni pete na saa. Asifanye kazi mtu peke yake. Wekeni fyuzi iliyotengenezwa kwa umeme wa betri, rilei kuu, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokatika mwendeshaji akianguka, na rezista ya kujaza kapasita za inveta polepole kabla rilei haijafunga, la sivyo itajichomelea siku ya kwanza. Na usiku msiache betri ikichaji kwenye chumba kimoja na pikipiki. Machi 2019 pale Jerez moto uliteketeza pikipiki zote za MotoE kabla msimu wa kwanza kabisa haujaanza, na mbio za kwanza zikasogea hadi Julai, Sachsenring. Hao walikuwa na watu na fedha za kuanza upya ndani ya miezi michache. Ninyi ni watano.

Viungo vyote kazeni kwa spana ya kipimo, kisha mtu mwingine, siyo aliyekaza, apite na kalamu ya rangi akitia alama kila bolti aliyoihakikisha. Na kipimajoto kiwekwe katikati ya pakiti. Seli za pembeni hupata hewa na huwadanganya. Ya katikati ndiyo itakayowaambia ni raundi ya ngapi mwendeshaji aachie eksileta.